Nani Apande Boti, Nani Abaki: Tibamtandao katika Nchi za Visiwa Vidogo

Kisiwa cha Brava, huko Cape Verde, nchi ya visiwa magharibi mwa Afrika, kina watu elfu tano na ushei, ukungu wa milimani, na kiwanja cha ndege ambacho ndege hazitui. Kiwanja hicho kilijengwa miaka ya 1990, kikaja kufungwa kwa sababu upepo wa upande ule hauna adabu. Mgonjwa wa Brava anayehitaji daktari bingwa hupanda kwanza chombo hadi kisiwa jirani cha Fogo, kilomita kama 20 za bahari ya Atlantiki, ndipo atafute ndege ya kumfikisha Praia, mji mkuu. Bahari ikichafuka, anasubiri. Msomaji wa Pemba au Mafia hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo.

Tuseme mgonjwa mwenyewe ni mzee wa miaka 60, kifua kinambana tangu alfajiri. Kituo cha afya kina daktari wa kawaida na muuguzi mzoefu, na kipo kipimo cha umeme wa moyo, lakini bingwa wa moyo hayupo. Karatasi imetoka na mistari yenye utata. Huenda ni mshtuko wa moyo, huenda ni kiungulia kilichozidi. Wakimpandisha boti bila sababu, wamemtikisa mzee mgonjwa baharini, wamemtoa muuguzi kisiwani siku mbili, na serikali imelipa nauli. Wakimwacha naye kweli ana mshtuko, watamzika. Swali la asubuhi hiyo ni moja: apande au abaki?

Hapo ndipo tibamtandao, yaani huduma ya tiba inayotolewa kwa mbali kwa njia ya mawasiliano, inapofanyia kazi yake kubwa visiwani. Watu wengi wakilisikia neno hilo huwaza daktari anayeonekana kwenye skrini akimuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Picha hiyo si ya uongo, ila inaficha mambo. Katika nchi za visiwa vidogo, mazungumzo yenye maana mara nyingi huwa kati ya mhudumu wa afya na mhudumu mwenzake, mgonjwa akiwa kitandani kando, na matunda yake ni uamuzi kuhusu chombo cha usafiri.

Kwanza tuelewe kwa nini nchi hizi haziwezi tu kuajiri mabingwa wao wakamaliza shida. Fedha ni sehemu ya jibu, na sehemu nyingine ni hesabu ya watu. Tuvalu nzima, huko Pasifiki, ina watu kama 11,000, hawajazi hata robo ya Uwanja wa Mkapa. Kati ya hao, wanaohitaji upasuaji wa ubongo kwa mwaka ni wa kuhesabu kwa vidole. Hata ukimpata daktari wa kazi hiyo na ukamlipa vizuri, miezi mingi atakaa bila mgonjwa wa fani yake, na mkono wa upasuaji hupata kutu kama panga lisilotumika. Tonga, nayo ya Pasifiki, yenye watu kama 100,000, ina unafuu kidogo tu. Ndiyo maana nchi hizi zote, tajiri na maskini, zimejenga utaratibu wa kupeleka wagonjwa nje: Cape Verde huwapeleka Ureno kwa makubaliano ya nchi mbili, na Tuvalu huwasafirisha ng'ambo kwa fedha za serikali. Rufaa za nje hula bajeti za afya za nchi hizi, na hula kwa ajili ya watu wachache.

Cape Verde ina visiwa 10, tisa vina watu, na jumla yao ni karibu nusu milioni. Hospitali kuu ni mbili: Agostinho Neto iliyoko Praia, kisiwani Santiago, na Baptista de Sousa iliyoko Mindelo, kisiwani São Vicente. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nchi hiyo ilianza mpango wa tibamtandao kwa msaada wa Slovenia na shirika la International Virtual e-Hospital la daktari mpasuaji mzaliwa wa Kosovo, Rifat Latifi, ambaye alikwisha kujaribu kazi hiyo Kosovo na Albania. Walianza na vituo vichache, kisha wakaeneza hadi visiwa vyote vyenye watu. Mbinu yao ina hatua nne: anzisha, jenga, endesha, kabidhi. Hatua ya nne ndiyo inayoshinda miradi mingi ya wafadhili. Mfadhili akiondoka, vifaa hufunikwa kitambaa, na funguo za chumba hubaki kwa mtu aliyehamishwa kituo. Cape Verde mpango ulikabidhiwa kwa wenyeji, na ripoti yake ya kwanza, iliyochapishwa 2018, ilichambua mashauriano 2,442. Kwa nchi yenye watu wachache kiasi hicho, hiyo ni kazi iliyoingia kwenye ratiba ya hospitali.

Kuna siri nyingine iliyoisaidia Cape Verde nayo haihusiani na mitambo: bingwa wa Praia na daktari wa Brava ni raia wa nchi moja, wanafuata sheria moja, wanazungumza Kikrioli na Kireno, na mgonjwa akisafirishwa atapokelewa na yuleyule aliyemwona kwenye skrini. Linganisha na mradi wa India kwa Afrika, ambao wazo lake lilitolewa na Rais Abdul Kalam mwaka 2004 na ukazinduliwa 2009. Huo uliziunganisha hospitali za nchi nyingi za Afrika, zikiwamo za Shelisheli na Morisi, na hospitali kubwa za India kwa setilaiti na mikongo. Ulikuwa mradi mkubwa na wa heshima. Lakini daktari wa India, hata akiwa bingwa wa mabingwa, hajui kama dawa anayoitaja ipo kwenye bohari ya Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, wala hajui ndege ya kwenda Mahé, kisiwa kikuu cha huko, inaruka siku gani. Mradi uliourithi, ulioanza 2019, uliachana na mtandao wa pekee ukahamia kwenye intaneti ya kawaida. Mimi naona walichelewa kufika hapo.

Sasa twende mbali zaidi, hadi Visiwa vya Solomon huko Pasifiki, maana kuna kisa cha huko ambacho kila waziri anayetaka kununua skrini kubwa angepaswa kukisoma kabla ya kusaini.

Hospitali kuu ya rufaa mjini Honiara watu wa huko huiita Namba Naen, yaani Namba Tisa. Jina limebaki tangu Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipokuwa na hospitali yao ya kijeshi ya namba hiyo mahali hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilikuwa kwenye machafuko, na hospitali haikuwa na daktari bingwa wa patholojia, yule anayetazama kipande cha nyama chini ya hadubini na kusema kama ni saratani au la. Bila yeye, mpasuaji anakata gizani. Kipande hicho ilibidi kisafiri hadi ng'ambo, na jibu lirudi wakati ambao huenda mwenye uvimbe amekwisha kurudi kijijini, kisiwa kingine, bila anwani.

Walichofanya ni cha kawaida kabisa. Mtaalamu wa maabara aliandaa kipande, akakiweka chini ya hadubini, akapiga picha kwa kamera ya dijitali kupitia lenzi, kisha zikatumwa kwa barua pepe hadi kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Huko programu iitwayo iPath ilizipanga picha kwenye jalada la kesi, madaktari wakazitazama kwa nafasi zao, majibu yakarudi. Hakukuwa na video, na hakuna aliyelazimika kuamka usiku ili saa za Honiara zikutane na saa za Ulaya. Katika miaka miwili ya kwanza, kuanzia 2001, walipitisha kesi 333.

Kisa hiki nakipendea hasa kilichotokea kwenye muda wa kusubiri. Mwanzoni jibu la kwanza lilichukua kama saa 28. Baadaye likashuka hadi saa 8 na nusu. Mtu angedhani walipata intaneti ya kasi. La. Walipanga zamu. Walikusanya madaktari wa patholojia wa nchi mbalimbali wakawa kama idara moja isiyo na jengo, na kila wakati akawapo mtu ambaye jina lake liko kwenye orodha kwamba leo ni wewe. Muda ulipungua kwa sababu ya karatasi ya zamu.

Njia hii wataalamu huiita hifadhi na tuma: unarekodi picha, sauti au kipimo, unaandika maelezo, unatuma, mwenzako anajibu akipata nafasi. Ina ndugu wawili. Mmoja ni mazungumzo ya moja kwa moja kwa video, ambayo yanafaa sana kwa magonjwa ya akili, kwa mgonjwa mahututi anayehitaji maelekezo hapohapo, na kwa ndugu wanaotaka kumwona daktari kabla ya kukubali mtu wao akatwe mguu. Wa pili ni vifaa vinavyompima mgonjwa akiwa nyumbani, kama presha na sukari, na kupeleka namba kituoni. Kwa visiwa vidogo, hifadhi na tuma ndiyo farasi wa kazi. Ngozi, macho, eksirei, vidonda, kipimo cha umeme wa moyo, vyote hukubali kusubiri saa chache. Kisukari kimeenea mno Pasifiki, na picha ya sehemu ya nyuma ya jicho ikipigwa kisiwani na muuguzi aliyefundishwa inaweza kusomwa na daktari wa macho ambaye hajawahi kukanyaga hapo. Wachache ndio watakaosafiri kwenda kupigwa leza, wengine wataambiwa warudi mwakani.

Hata barua pepe yenyewe haikuhitaji kebo ya baharini. Wakati huohuo huko Solomon, mtandao wa PFnet ulikuwa ukipeleka barua pepe kutoka visiwa vya mbali kwa redio ya masafa mafupi, kompyuta ndogo na paneli ya sola. Ilikwenda taratibu kama kobe, lakini ilifika.

Kebo, au mkongo kama tunavyouita, ni habari nyingine. Tonga ilipata mkongo wake wa kwanza wa kimataifa mwaka 2013, kilomita 827 hadi Fiji. Mmoja tu. Januari 2019 ulikatika, na nchi ikakaa karibu wiki mbili ikijikongoja kwa setilaiti. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka chini ya bahari, ikaleta tsunami, ikamwaga majivu, na mkongo ukararuka. Mawasiliano ya nje yalirejea baada ya wiki tano hivi. Mkongo wa ndani, unaoviunganisha visiwa vya Vava'u na Ha'apai na kisiwa kikuu, ulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Fikiria daktari wa Vava'u aliyezoea kutuma eksirei Nuku'alofa kila wiki. Siku ambayo majeruhi ni wengi kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo hana pa kutuma.

Nasi tulionja. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania na kisiwa cha Mayotte ni miongoni mwa walioumia zaidi, na kila mmoja anakumbuka ule mzunguko wa kwenye simu usiokwisha. Kwetu ilikuwa kero ya siku chache. Kwa kisiwa ambacho rufaa zake zote zinapita humo, ni huduma iliyofungwa.

Setilaiti hutajwa kama dawa ya hilo, na kwa sehemu ni kweli. Zile za zamani hukaa juu sana, kama kilomita 36,000, hivyo sauti hukawia. Unauliza, unanyamaza karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, mnagongana maneno, mnaanza upya. Kwa picha ya kidonda ukawiaji huo si kitu, ila kwa mazungumzo na mama mwenye sonona unakera kweli. Setilaiti za siku hizi zinazozunguka kilomita 550 hivi kutoka ardhini zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na baada ya mlipuko Tonga ilipewa vifaa 50 vya Starlink. Lakini sahani yenyewe inakaa juu ya paa la kituo cha afya kando ya bahari. Chumvi haijali sahani imetoka kampuni gani. Italiwa, na fundi yuko kisiwa kingine. Kwa hiyo swali langu kwa muuzaji yeyote ni hili: kifaa kikifa Jumatatu, kipuri kinafika kwa boti ya siku gani?

Mitambo, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwa watu.

Anza na muuguzi wa kisiwani. Picha nzuri ya kidonda ni ufundi: moja ya mbali ionyeshe ni kiungo gani, moja ya karibu, rula kando yake, mwanga wa dirishani badala ya taa ya simu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri pichani, hivyo lazima aandike alichogusa, kama pana joto, pamekuwa pagumu, panatoa maji au usaha. Maelezo ya mistari mitano yaliyopangwa vizuri humsaidia bingwa kuliko video ya dakika ishirini. Hilo linafundishwa, na kulifundisha ni rahisi kuliko kununua mashine, lakini mwalimu wa kuandika rufaa hazinduliwi kwa kukata utepe.

Kisha yupo bingwa wa upande wa pili, ambaye wodi yake imejaa. Rufaa ya Brava inamwingilia kama kazi ya ziada isiyo na malipo. Akijibu leo kwa moyo wake mwema, kesho atachoka. Honiara walilitatua kwa zamu. Pengine kunahitajika posho, au saa za kazi zilizotengwa rasmi. Na fedha zina kitendawili chake: hospitali kuu ndiyo inayolipia intaneti na muda wa bingwa, lakini nauli iliyookolewa hubaki kwa mwingine, wizara au mfuko wa hifadhi ya jamii. Aliyetoa haoni faida kwenye vitabu vyake. Wasipokaa meza moja, mpango unakufa huku kila mtu akiusifu.

Sheria nayo. Daktari wa nchi nyingine akishauri vibaya, nani anawajibika? Leseni yake inamruhusu kutibu mgonjwa aliye nje ya mipaka? Njia inayotumika sana ni kusema kwamba yule wa mbali anashauri tu, na anayetibu ni mhudumu aliye na mgonjwa. Kisheria inapendeza. Kwa muuguzi wa miaka 25 aliye peke yake usiku, ina maana kwamba mzigo wote ni wake.

Halafu faragha, ambayo visiwani ina sura yake. Kwenye kisiwa cha watu 600, kufuta jina la mgonjwa hakufichi kitu. Ukisema mwanamke wa miaka 34 mwenye pacha, kila mtu amemjua. Chumba cha mtandao kina dirisha linalotazama barabara, na mwenye funguo ni mtoto wa shangazi. Ndiyo sababu wapo wanaopenda daktari wa mbali kuliko wa jirani kwa magonjwa ya aibu, na wapo wanaokataa kabisa kupigwa picha. Wote wana haki. Na tusijidanganye: tibamtandao iliyoenea kuliko zote duniani ni daktari kumtumia mwenzake picha kwa WhatsApp. Inaokoa watu kila siku, na haiachi kumbukumbu yoyote kwenye faili la mgonjwa.

Kuna pia kisichopita kwenye waya. Ushauri wa mbali hauna maana kama dawa iliyotajwa haipo. Desemba 2018 huko Vanuatu, chanjo zilirushwa kwa droni kisiwani Erromango hadi ghuba ya Cook's Bay, karibu kilomita 40 za milima ambayo kwa miguu na mashua huchukua saa nyingi, na watoto wakachanjwa siku hiyohiyo. Droni haichukui nafasi ya boti ya bohari, lakini inakumbusha kwamba mtandao hupeleka maneno tu.

Kwa upande wetu wa bahari, mfano ulio karibu zaidi ni Komoro. Wakomoro wamekuwa wakivuka kuja kutibiwa Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zikiwa miongoni mwa wanakofikia. Lugha zetu ni ndugu, wengi wana jamaa mjini, na ndege ni fupi. Safari ya kwanza haina mbadala, maana moyo haupasuliwi kwa simu. Nauli zinazoweza kuokolewa ni za kurudi kliniki. Chukua mgonjwa aliyewekewa vali ya bandia ya moyo, ile ya kimakanika. Atameza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na kipimo cha damu kinarudiwa mara kwa mara ili dozi isizidi wala isipungue. Kipimo hicho kinaweza kufanyiwa Moroni. Namba ikifika Dar es Salaam asubuhi, na pakiwepo makubaliano ya nani anaandika cheti na nani anaingiza kwenye faili, jibu linarudi kabla ya adhuhuri. Bila hivyo, mtu huyo atakopa nauli, atafika Dar, atalala kwa jamaa, atapanga foleni tangu alfajiri, na daktari atamwambia kuanzia leo apunguze nusu kidonge.